UZI: Bomba la bimu likibadilika milimita chache tu, mashine ya kilomita 27 inaanza kulalamika. Tuongee impidansi

Mkondo_Kivuli

Wakuu habari za muda huu.

Humu jukwaani ikitajwa CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe, utasikia shimo jeusi, mara mlango wa kuzimu, mara Higgs, basi uzi umeisha. Leo nataka tuongelee kitu ambacho hakitajwi kabisa, lile bomba lenyewe ambalo bimu, yaani mkondo mwembamba wa chembe, inapita ndani yake. Mana watu wengi, hata waliosoma fizikia, wanajua bomba kazi yake ni kushikilia vakyumu tu, ukishanyonya hewa yote umemaliza. Sio kweli. Bomba ni sehemu ya saketi, na ukilibadilisha popote, iwe upana, iwe chuma, iwe kiungo, bimu inajua siku hiyohiyo.

Nitatumia LHC, ile mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha protoni, kama mfano mana ndo ina habari nyingi zilizo wazi. Ina mzunguko wa kilomita 27 hivi, chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Protoni haziendi mfululizo, zinaenda kwa vifurushi. Muundo wa awali ulisema kila kifurushi kiwe na protoni bilioni 115, vifurushi 2,808 kwa kila upande, vinafuatana kila nanosekunde 25, na kila kimoja kinazunguka mara 11,245 kwa sekunde. Ukipiga wastani unapata mkondo wa ampea 0.58 tu, pasi ya nyumbani inakula zaidi ya hapo. Ila usidanganyike na wastani, kifurushi kimoja kimebanwa kwenye nanosekunde moja hivi, kwahiyo pale kinapopita kilele chake ni kama ampea 30.

Sasa chaji ikipita ndani ya bomba la chuma ukuta unajibu. Kwenye uso wa ndani wa bomba unazaliwa mkondo wa alama kinyume unaokimbia sambamba na kifurushi, hatua kwa hatua, tuuite mkondo kivuli. Bomba likiwa laini, la upana uleule, na chuma chake kinapitisha umeme vizuri, huo mkondo unateleza tu na hakuna kelele. Tatizo linaanza bomba linapobadilika. Weka mahali limepanuka ghafla, au kuna mwanya, au kuna tundu la pampu, kifurushi chenyewe kinanyoosha moja kwa moja kwa kasi inayokaribia ya mwanga lakini mkondo kivuli lazima uzunguke kwenye kona zote za ukuta. Unachelewa. Sehemu ya nguvu ya umeme inabaki nyuma pale kwenye uvungu, alafu inakuja kuwasukuma waliopo nyuma, iwe mkia wa kifurushi chenyewe au kifurushi kinachofuata.

Impidansi ndo kipimo cha hicho kitu: kwa kila frikwensi, bimu ikipitisha ampea moja, ukuta unarudisha volti ngapi. Aliyeleta hili wazo kwenye mashine hizi ni Vittorio Vaccaro, CERN mwaka 1966, wakati wanaandaa mashine yao ya ISR, mwaka uliofuata akaandika tena na Andrew Sessler. Impidansi ina sehemu mbili. Moja inakula nishati ya bimu na kuigeuza moto kwenye chuma. Nyingine haili nishati ila inasogeza mdundo wa bimu, na mdundo ukisogea sana bimu inaanza kuyumba hadi inagonga ukuta au inatupwa nje na mitambo ya usalama.

Nakuja na mifano, kaeni mkao wa kula.

fundi_redio_Mwanza

Mkuu hapo umenigusa, mimi kazi yangu ni minara. Impidansi kwetu ni omu 50, kebo ikiwa na kona mbaya au konekta imeingia maji wimbi linarudi. Kwahiyo ni kitu kilekile?

Mkondo_Kivuli

Mkuu ni ndugu wa damu ila sio pacha. Kwenye kebo yako wewe ndo unatuma wimbi, na wimbi lenyewe ndo lenye nishati. Huku chanzo ni bimu, na bimu haiwezi kurudi nyuma, hata ukuta uwe mbovu vipi yenyewe inapita. Kwahiyo hatuangalii kilichorudi, tunaangalia kilichobaki kwenye ukuta na kinamfanya nini anayefuata.

Alafu tofauti nyingine, wewe unataka omu 50 kila mahali zilingane. Huku tunataka ikaribie sifuri. LHC nzima, baada ya kujumlisha kila kiungo na kila tundu, ile impidansi ya kando ya mwendo ikigawanywa kwa namba ya mdundo (yaani frikwensi ni mara ngapi ya ile mizunguko 11,245 kwa sekunde) ni kama omu 0.1. Mashine nzima mkuu, kilomita 27.

Binti_Uyole

Asante kwa uzi, ni wa maana sana. Naomba kuuliza, ukisema bomba limepanuka ghafla ni kupanuka kiasi gani? Mana milimita chache kwenye kilomita 27 siamini kama zinaweza kuleta shida.

Mkondo_Kivuli

Dada swali zuri mno, na ndo moyo wa uzi wenyewe, ngoja tupige hesabu.

Bomba la LHC nusu kipenyo chake tuseme milimita 20. Kati ya sumaku na sumaku lazima uweke belozi, kile kipande chenye mikunjomikunjo kinachoweza kujikunja na kujinyoosha, mana sumaku ya mita 15 ikipozwa kutoka joto la kawaida hadi kelvini 1.9 inasinyaa zaidi ya sentimita 4. Bila belozi unakata mashine. Sasa tuchukulie belozi haina kinga yoyote, ni nafasi ya urefu wa sentimita 10 ambapo bomba limetoka milimita 20 hadi 30. Milimita kumi tu. Kwa frikwensi ndogo hiyo nafasi ni koili, ina induktansi ya kama nanohenri 8. Zidisha kwa mdundo wa mzunguko wa mashine (11,245 mara 2π), unapata omu 0.0006 hivi. Haina maana, si ndio? Lakini viungo vikubwa kati ya sumaku viko kama 1,700 na kila bimu inapita kwenye vyote, kwahiyo zidisha kwa 1,700. Unafika karibu omu 1. Nimesema mashine nzima inatakiwa 0.1. Umeshaizidi mara kumi kwa belozi peke yake, hujagusa pampu wala kitu kingine. Belozi ya kweli ingekuwa nafuu kidogo kwasababu mikunjo inajaza sehemu ya ile nafasi, lakini hata ukikata nusu bado umefeli.

Ndo mana hakuna belozi iliyo wazi kwenye mashine za kisasa. Ndani yake wanapitisha vidole, vipande vyembamba vya shaba iliyochanganywa na beriliamu, vimepangwa kuzunguka bomba zima, upande mmoja vimefungwa upande mwingine vinateleza huku vikibana. Mkondo kivuli unapita juu ya vidole, haujui kama kuna belozi nyuma yake.

mkorosho77

Wakuu mi napita tu ila kwanini wasifanye bomba moja pana mita nzima wakamaliza ubishi? Ukuta ukiwa mbali na bimu si impidansi inashuka?

Mkondo_Kivuli

Inashuka kweli mkuu, umewaza sahihi. Ile ya kusukuma bimu kando, inayotokana na ukuta wenyewe kuwa na ukinzani, inashuka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Ukipunguza upana nusu impidansi inapanda mara nane. Kwahiyo kila mtu angependa bomba pana.

Ila bomba linapita katikati ya sumaku. Bomba likipanuka sumaku inapanuka, nyaya zinaongezeka, umeme unaongezeka, bei inapaa. Na kuna mashine ambazo zinaenda kinyumenyume kabisa, zinataka sumaku zenye nguvu sana karibu na bimu, kwahiyo bomba linasinywa. MAX IV, mashine ya elektroni kule Lund, Sweden, iliyofunguliwa 2016, bomba lake la shaba lina kipenyo cha ndani milimita 22 tu, ni kama kidole gumba kipite. Na ndani wamepaka tabaka jembamba la kunyonya gesi mana pampu za kawaida zingeshindwa kuvuta kwenye bomba jembamba hivyo. Hilo tabaka nalo linaingia kwenye hesabu ya impidansi. Hakuna cha bure.

Kidatu_Line_Man

Kiongozi hapo kwenye uvungu hujamaliza. Umesema nishati inabaki. Inabaki muda gani? Si inatawanyika tu ndani ya bomba ikaenda zake?

Mkondo_Kivuli

Hapa ndo patamu, soma taratibu.

Bomba lenyewe ni njia ya mawimbi, na njia ya mawimbi ina kizingiti. Wimbi lenye frikwensi chini ya kizingiti haliwezi kusafiri ndani ya bomba hata ufanyeje. Kwa bomba la duara kizingiti cha wimbi linalotuhusu, kwa gigahezi, ni 114.7 ugawe kwa nusu kipenyo cha milimita. Bomba la nusu kipenyo cha milimita 20 linatoa gigahezi 5.7. Sasa tuseme mtu ameweka chumba cha duara chenye nusu kipenyo cha milimita 100 kwa ajili ya kifaa fulani cha kupimia. Chumba hicho kina mlio wake wa kwanza, na fomula ni ileile, 114.7 gawa kwa 100, gigahezi 1.15. Unaona tatizo? Mlio wa chumba ni 1.15, na bomba pande zote mbili halipitishi wimbi la aina hiyo chini ya 5.7. Wimbi limenaswa. Limefungiwa chumbani, linadundadunda hadi chuma cha ukuta kilimalize kwa kulifanya moto.

Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda inavuma kwa sauti moja tu, hata upulize vipi. Chumba hiki nacho ni hivohivo, kila kifurushi kikipita ni pumzi moja. Na vifurushi vinakuja kila nanosekunde 25, yaani megahezi 40. Kama mlio wa chumba umeangukia kwenye kizidisho cha 40, kila kifurushi kinakuta wimbi la mwenzake bado linacheza na kinaliongezea, hakuna kupumzika.

Hesabu ya moto: mkondo wa wastani kipeo cha pili, mara ukinzani wa mlio, mara mbili. Chukua kilo-omu moja, ambayo kwa uvungu wa chuma kizuri ni ndogo sana. Inatoka kama wati 670. Ila hiyo ni kama kifurushi kingekuwa na nguvu ileile kwenye frikwensi zote, na hakiko hivyo. Kifurushi cha nanosekunde moja kinafifia kadiri frikwensi inavyopanda, kwahiyo kwenye gigahezi 1.15 zinabaki wati 26 hivi. Wati 26 kwenye kipande kidogo kilicho ndani ya vakyumu, hakina hewa ya kukipoza, hakijafungiwa maji. Kitapata moto hadi kibadilike rangi.

Na angalia hii, kifurushi kikibanwa kidogo tu kutoka nanosekunde 1.0 hadi 0.8 zile wati 26 zinakuwa zaidi ya 80. Kikirefushwa hadi 1.25 zinashuka hadi 4 hivi. Ndo mana miaka ile ya 2011 na 2012 vifaa vilipoanza kupata moto LHC, moja ya hatua walizochukua ni kurefusha vifurushi. Hawakugusa chuma chochote, wamerefusha bimu tu na moto ukapungua.

Binti_Uyole

Kwahiyo urefu wa kifurushi ndo unaamua ni uvungu gani unaosikika. Hizi mashine za elektroni zenye vifurushi vifupi zaidi si zitakuwa na hali mbaya?

Mkondo_Kivuli

Umeelewa kabisa dada. Kifurushi cha LHC kinaanza kufifia kwenye gigahezi 0.6 hivi. Kifurushi cha elektroni cha pikosekunde 40 kinaenda hadi gigahezi 16 kabla ya kuanza kufifia. Kwahiyo kwa elektroni hata kile kijimwanya cha gasketi kati ya flenji mbili (zile sahani za kuunganishia vipande vya bomba) kinaonekana, hata hatua ya milimita moja pale fundi alipounganisha vipande viwili havikukaa sawa. Ndo mana kwenye sinkrotroni za mwanga, yaani mashine za elektroni zinazotoa mwanga, hawaruhusu bomba libadilike upana ghafla, wanateremka taratibu, milimita moja ya upana kwa milimita kumi za urefu au hata ishirini. LHC ikaruhusiwa kuwa mkali zaidi, wao kanuni yao ilikuwa mteremko usizidi digrii 15.

Nahodha_wa_Feri

Wakuu mbona kama yote ni nadharia. Kuna siku mashine ilisimama kweli kwasababu ya bomba?

Mkondo_Kivuli

Nahodha zipo, nakupa za LHC tu na zinatosha.

Ya kwanza ni 2007, kabla hata bimu haijaingia. Walipoza sekta moja, ile ya 7-8, alafu wakairudisha kwenye joto la kawaida. Sumaku zikarefuka, belozi zikabanwa, na kwenye baadhi ya viungo vile vidole nilivyosema badala ya kuteleza vikajipinda kuingia ndani ya njia ya bimu. Kwa nje huoni kitu. Sasa utafungua viungo vyote kutafuta kilichoharibika? Wakatengeneza kijimpira cha plastiki cha kipenyo cha milimita 34, kidogo tu chini ya nafasi ya bomba, ndani wakaweka kirusha mawimbi cha megahezi 40, yaani mdundo uleule wa vifurushi. Wakakisukuma kwa hewa ndani ya bomba. Vile vifaa vya kupima mahali bimu ilipo, ambavyo vimepangwa kila baada ya mita hamsini hivi, vikakiona kinavyopita kana kwamba ni bimu yenyewe. Pale kilipoganda wanajua kati ya kifaa hiki na kile kuna kidole kimejipinda, wanafungua hapohapo. Mi hii kazi naipenda sana mana walitumia mashine yenyewe kuitafutia ugonjwa.

Ya pili ni 2011. Kuna belozi mbili mbili zilizokuwa na vidole virefu vilivyobanwa na springi kwa nje. Bimu ilivyoongezwa nguvu, kufika mwisho wa mwaka vikakutwa vimeharibika.

Ya tatu ni juzi tu, 2023. Kiungo kimoja kilicho kwenye sehemu ya joto la kawaida, springi inayobana vidole ikapata moto kupita kiasi, vakyumu ikavurugika. Wakabadilisha, ila kwa mwaka ule wakaamua kila kifurushi kisizidi protoni bilioni 160, wakati mipango ilikuwa kupanda zaidi. Kisa springi mkuu. Springi unayoweza kuishika mkononi.

fundi_redio_Mwanza

Hapo kwenye springi nipe mechanizimu yake hatua kwa hatua, mana konekta yangu mbovu nayo ndo inavyokufa, inaanza kidogo.

Mkondo_Kivuli

Mkuu wewe utaelewa haraka kuliko wote humu.

Vidole vikiwa vyote vimegusa, mkondo kivuli unagawana sawa kwenye vidole vyote, kila kimoja kinabeba kidogo. Sasa tuseme vichache vimeinuka, labda kiungo kimekaa upande, labda springi imelegea. Kwanza, nyuma ya vidole kulikuwa na uvungu ambao bimu ilikuwa haiuoni, sasa umefunguka mlango, mawimbi yanaingia, mlio unaanza. Pili, mkondo uliokuwa unapita kwenye vidole vilivyoinuka unahamia kwa majirani, na sehemu ya kugusa ni ndogo, kwahiyo panapata moto. Springi ikipata moto inapoteza ukakamavu wake. Ikipoteza ukakamavu haibani tena. Isipobana vidole vingine vinainuka. Sasa umeingia kwenye mzunguko, moto unaleta mguso mbaya na mguso mbaya unaleta moto zaidi, mpaka kitu kiyeyuke au kidondoke.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, umbo la bomba sio adui mkubwa wa mashine za sasa. Umbo unaliona kwenye mchoro, unaliweka kwenye programu kama CST, unapata jibu kabla hujakata chuma. Mguso ndo muuaji. Mguso hauko kwenye mchoro. Mchoro unasema vidole vimegusa, na kompyuta inaamini. Nani ameenda kuhakikisha kila kidole kwenye kila kiungo kimekaa kwa nguvu inayotakiwa? Ni fundi amelala chali kwenye handaki na tochi. Ule ukaguzi wa fundi una uzito sawa na simulesheni yoyote, na inaniuma tukisimulia hizi mashine tunataja maprofesa tu.

Kidatu_Line_Man

Hii ya mguso nimeipenda, hata kwenye laini za umeme hotspoti zote unazikuta kwenye viunganishi, katikati ya waya hakuna shida.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Umesema ukibadilisha chuma pia bimu inajua. Shaba na stenlesi zinapishana vipi?

Mkondo_Kivuli

Zinapishana sana mkuu. Umeme wa frikwensi kubwa haupiti ndani ya chuma, unatambaa juujuu. Kwenye shaba, kwa gigahezi moja, unaingia kama maikromita 2 tu. Kwa megahezi moja maikromita 66. Kwahiyo kwa bimu, bomba lote ni ule uso wa ndani, huko nyuma weka chochote.

LHC walicheza na hilo vizuri. Ndani ya bomba la kelvini 1.9 kuna bomba lingine dogo linalokaa kati ya kelvini 5 na 20, la kukinga sumaku zisipate joto la bimu. Lingekuwa shaba tupu, sumaku ikizima ghafla mikondo mikubwa ingezuka kwenye shaba na kuliponda. Likiwa stenlesi tupu, impidansi inapaa. Wakafanya stenlesi kwa ajili ya nguvu, alafu ndani shaba ya maikromita 75. Na lina matundu ya mstatili ya kupitishia gesi ziende zikagande kwenye ukuta wa baridi. Hayo matundu yangepangwa kwa umbali sawa na urefu sawa yangeungana kutengeneza mlio mmoja, kwahiyo wakayapanga ovyoovyo makusudi. Ukiliona utadhani aliyetoboa alikuwa na haraka.

Kwenye kolimeta ndo kuna mgogoro mkubwa zaidi. Kolimeta ni taya mbili zinazosogezwa karibu na bimu kukamata protoni zilizopotea njia, kwenye nishati ya juu nafasi inabaki milimita chache. Kumbuka ile mara nane. Alafu taya lazima zivumilie bimu ikizigonga, kwahiyo za mwanzo walitumia kaboni ya nyuzinyuzi, ambayo haivunjiki ila inapitisha umeme vibaya. Matokeo yake kolimeta, ambazo jumla ya urefu wake ni sehemu ndogo kabisa ya kilomita 27, zikawa ndo mchangiaji mkuu wa impidansi LHC ikiwa kwenye nishati ya juu. Kwenye matengenezo makubwa ya 2019 hadi 2021 wakaanza kuweka taya za molibdenamu na grafaiti, baadhi zimepakwa molibdenamu tupu ya maikromita 5. Kile kipako kina ukinzani mdogo mara mia hivi kuliko kaboni ya zamani, na kwa gigahezi moja umeme unaingia maikromita 4 kasoro, kwahiyo sehemu kubwa ya mkondo inaishia kwenye kipako.

mkorosho77

Nimerudi. Kwahiyo mashine ikishajengwa imekula kwao, au unaweza kurekebisha impidansi baadaye?

Mkondo_Kivuli

Inarekebishika, na mfano mzuri kuliko yote ni SPS, ile ya kilomita 7 kasoro inayolisha LHC. SPS ilianza 1976, enzi hizo hawakuwa na haja ya vifurushi vikali kama vya LHC, kwahiyo kati ya sumaku kulikuwa na vyumba vya pampu vimeachwa wazi, mamia. Kila kimoja chupa inayovuma. Vifurushi vilikuwa vinachafuka vyenyewe ndani kwa ndani, vinatanuka. Kati ya 1999 na 2001 wakapita handaki zima wakiviwekea kinga kwa ndani ili mkondo kivuli upite moja kwa moja. Bimu baada ya hapo ilikuwa kama imehamia mashine nyingine, ule uchafukaji ukaondoka.

Baadaye walipotaka kila kifurushi kipande kutoka protoni bilioni 115 hadi 230 kwa ajili ya LHC ya nguvu zaidi, wakakuta waliosalia wanaopiga kelele ni flenji. Flenji tu. Nazo zikawekewa kinga kwenye matengenezo hayohayo ya 2019 hadi 2021.

Alafu kuna zile sumaku za kurusha bimu nje, zimetengenezwa na feraiti, aina ya kauri yenye usumaku, na feraiti inakunywa mawimbi na kupata moto. Huwezi kuifunika kwa chuma chote mana itazuia sumaku isifanye kazi yake ya kuwaka ghafla. Wakachapa mistari myembamba ya fedha juu ya feraiti, kwa mbinu ileile ya kuchapa fulana, mistari inapitisha mkondo kivuli ila haiizuii sumaku. Moto ukashuka sana.

Binti_Uyole

Swali la mwisho kwangu. Zile linac za hospitali za kutibu saratani nazo ni mashine za chembe, zina vyumba vingi vimepangwa kwenye mstari. Hazina hii shida?

Mkondo_Kivuli

Fizikia ipo ileile dada, ila kwa hospitali haifiki kuwa shida. Linac ya hospitali ina urefu wa mita moja au mbili, elektroni zinapita mara moja zinaisha, mkondo mdogo. Yule anayesukumwa na mawimbi ya wenzake hapati muda wa kuyumba.

Urefushe sasa. SLAC kule California, linac ya kilomita 3, ilipoanza 1966 wakaongeza mkondo na kupita kiwango fulani mkia wa kila mpigo ulikuwa unapotea kabla ya kufika mwisho. Elektroni za mbele zilikuwa zinaamsha mlio wa pembeni kwenye vyumba vya kuongezea kasi, mlio unasukuma za nyuma kando kidogo, za nyuma zikiwa kando zinaamsha mlio mkubwa zaidi, na kwa kilomita 3 hicho kidogo kinakua hadi ukutani. Moja ya dawa walizotumia ni kuvibonyeza baadhi ya vyumba kwa nje, kubadilisha umbo lake kidogo sana ili milio yao isilingane tena. Kila chumba kikaanza kuimba kivyake.

Kidatu_Line_Man

Yaani waliharibu usawa makusudi. Mkuu ukipata muda tuletee na ile namna wanavyopima impidansi kabla kifaa hakijashushwa handakini.

Mkondo_Kivuli

Hiyo inataka uzi wake. Kwa kifupi wanatandaza waya mwembamba katikati ya kifaa kukaa mahali pa bimu, wanapitisha mawimbi na kuangalia nini kimepotea njiani. Ila waya wenyewe unaondoa kile kizingiti cha bomba, kwahiyo mawimbi yaliyonaswa yanapata njia ya kutorokea na unaweza kuona kifaa ni safi kumbe sio. Kwa vyumba vya aina hiyo ni bora kuingiza kiantena kidogo pembeni na kusikiliza mlio bila waya. Nitaanza na hapo.